Je, Kuimba Maangamizi ni Kuyaita?

Kwetu ni Merikit, wilaya ya Tororo, upande wa Uganda. Ukipanda bodaboda asubuhi unaweza kufika Malaba, ukavuka mpaka, ukanywa chai upande wa Kenya na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Kwetu sisi Wateso mpaka huo si wa zamani sana. Ulisogezwa mwaka 1902, Waingereza walipoutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili. Kaka yangu mkubwa alikuwa tanboi wa malori katika mpaka huo, na insha hii inaanzia kwenye simu yake.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, malori yalipanga foleni ndefu Malaba na Busia yakisubiri madereva wapimwe. Madereva na matanboi wakaogopwa kuliko wezi. Kaka alilala siku nyingi chini ya lori, na aliporudi nyumbani, hata majirani waliozoea kula naye walimsalimia kwa mbali. Mwishoni mwa mwaka huo, katika foleni hizo hizo, dereva mmoja kutoka Nairobi alimpa memori kadi iliyojaa muziki ambao hatukuwahi kuusikia: magitaa yanayonguruma kama mashine ya kusaga unga, ngoma zinazokwenda mbio kuliko moyo, na sauti ya mtu anayepiga nduru tangu mwanzo hadi mwisho. Kaka aliupenda. Mimi niliona ni kelele.

Juni 2021 baba alifariki baada ya kuugua kifua kwa wiki mbili. Siku ya tatu ya matanga mzee mmoja wa kanisa alimwambia mama kwamba kifo kile hakikuja bure; kuna mlango uliofunguliwa katika boma letu. Alikuwa ameusikia ule muziki ukitoka nyumbani kwa kaka. Simu ikaletwa, nami nikaitwa, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikisomea lugha, niwasomee majina ya nyimbo. Nikasoma. Mmoja uliitwa "Pembe 666". Wakaniuliza maana yake. Nikajibu kwa Kiteso kwamba pembe ni kama hii ya ng'ombe, na namba hiyo ni ile ya kitabu cha Ufunuo. Nilisema kweli, wala sikuongeza neno. Mama akalia. Memori kadi ikatupwa chooni jioni hiyo, na alfajiri kaka akaondoka. Tangu hapo anaishi Busia, upande wa Kenya.

Swali la mzee yule halijaniacha mpaka leo. Je, mtu anayeimba maangamizi, shetani na mwisho wa dunia anayaita mambo hayo yaje? Na anayesikiliza, ameshiriki? Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, na katika vijiji vyetu wengi wanaamini kwamba neno lililotamkwa lina nguvu ya kutenda. Sitaki kuwadharau, kwa maana mama yangu ni mmoja wao. Lakini nimefika mahali pa kuamini kwamba tulikuwa tukiulizana swali lisilofaa. Tuliuliza ni jina la nani limetajwa katika wimbo. Tulipaswa kuuliza wimbo unamtaka msikilizaji afanye nini.

Kwanza niueleze muziki wenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunauhukumu bila kuujua. Huu ni ule muziki mzito wa roki unaoitwa metali. Wanaoandika historia yake huanzia Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Vijana wanne wa huko waliunda kundi la Black Sabbath, na santuri yao ya kwanza ilitoka siku ya Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na umri wa miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akazilegeza nyuzi za gitaa ili aweze kuzibonyeza. Sauti ya chini, nzito, inayowaogopesha watu hadi leo, kwa sehemu ilitokana na jeraha la mfanyakazi. Mtu wa Tororo, anayeishi karibu na kiwanda cha saruji, hawezi kushindwa kuelewa jambo hilo.

Na maneno? Aliyeandika mengi kati ya maneno ya kundi hilo, Geezer Butler, alilelewa katika familia ya Kikatoliki. Katika mwaka huo huo wa 1970, Vita vya Vietnam vikiwa vinaendelea, walitoa "War Pigs", wimbo unaowaonyesha majenerali wakipanga vita huku wao wenyewe wako salama, kisha unawafikisha mbele ya hukumu ya Mungu wakiomba rehema. Shetani yumo mle, lakini yumo kama anavyokuwamo katika mahubiri: ndiye anayewangoja waovu. Mwaka uliofuata wakatoa "After Forever", wimbo unaowatetea waumini dhidi ya wanaowacheka. Watu wengi hawakufika huko. Waliona jina la kundi na rangi nyeusi, wakahitimisha. Mwaka 1982 kundi jingine la Uingereza, Iron Maiden, lilitoa "The Number of the Beast", wimbo unaotanguliwa na usomaji wa maneno yaliyotoka katika Ufunuo, na huko Marekani wako waliozichoma santuri zake. Yaani walichoma kitu ambacho mlangoni pake palikuwa na Biblia.

Muziki huu umefika kwetu pia. Kampala kuna Vale of Amonition, wanaopiga tawi lake la mwendo wa polepole, lenye uzito wa msafara wa mazishi. Nairobi kumekuwa na makundi kama Last Year's Tragedy. Na nyimbo zile zilizokuwa katika kadi ya kaka, baadaye nilikuja kutambua, zilikuwa za Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi, ambao albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Tazama majina ya nyimbo zao: "Angels and Abysses", malaika na mashimo yasiyo na mwisho, "Sin Nature", asili ya dhambi, na "Pembe 666". Hao ni vijana waliokulia katika nchi ambayo mahubiri ya siku za mwisho yanasikika sokoni, ndani ya matatu na kituoni. Hawakulazimika kwenda mbali kuzitafuta pembe na namba. Walizikuta mezani.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kujifunza hata katika jina lenyewe. Ukimwambia Mswahili "duma", atamwona mnyama mwenye madoadoa anayewashinda wote kwa mbio. Wenye kundi wanasema jina lao ni la Kikikuyu, na maana yake ni giza. Neno moja, mnyama kwa huyu na giza kwa yule. Ndivyo ilivyo pia kwa "nyege nyege": kwa Kiganda ni hamu ya ghafla isiyozuilika ya kucheza ngoma, na kwa Kiswahili kila mtu anajua ni nini, wala sitaandika. Septemba 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, aliamuru tamasha la Nyege Nyege lililokuwa lifanyike Jinja lisimamishwe, akilihusisha na uasherati na ibada ya shetani. Siku chache baadaye ruhusa ikatolewa, na tamasha likafanyika. Mwaka 2022 bungeni suala likaibuka upya. Sisemi kwamba hofu yote ilitokana na tofauti ya lugha. Nasema tu kwamba neno likivuka mpaka, aliyelipokea hulitazama kwa macho ya kwao.

Hofu hiyo ina historia katika nchi zetu zote mbili. Mwaka 1994 Rais Moi wa Kenya aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikawekwa hadharani mwaka 1999. Kwa hiyo mzee wa kanisa letu hakuwa mtu wa ajabu. Alisema kijijini kile ambacho serikali zilikwisha kukichukulia kuwa jambo la kuchunguzwa.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Katika eneo letu hili, mwisho wa dunia umetangazwa mara nyingi, na mara kadhaa watu wamekufa kwa sababu ya tangazo hilo. Tukiwatazama waliolitangaza, tunaona nini?

Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, viongozi wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliwaambia wafuasi kwamba dunia ingekwisha mwaka 1999 ukimalizika. Watu waliuza mali zao wakaleta fedha. Mwaka 2000 ukaingia, jua likachomoza kama kawaida, na baadhi wakaanza kudai vitu vyao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea kwa moto likiwa limejaa watu, na baadaye miili mingine ikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Waliokufa walikuwa mamia.

Februari 2023 habari zilikuwa za Wateso wenzetu wa wilaya ya Serere. Waumini zaidi ya 80 wa kanisa moja dogo waliacha makazi yao wakaenda Ethiopia, wakiamini kwamba kifo kinakuja kijijini na kwamba huko watakutana na Yesu. Miezi miwili baadaye makaburi ya Shakahola, kaunti ya Kilifi, yakaanza kufukuliwa. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Upande wa mashtaka unasema mhubiri Paul Mackenzie aliwaambia wafuasi wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Bwana. Yeye ameyakana mashtaka.

Nawaomba wenzangu mtazame jambo moja. Katika visa hivi vitatu hapakuwa na gitaa linalonguruma. Hapakuwa na pembe wala fuvu. Palikuwa na sala, nyimbo za sifa na jina la Yesu. Kama kipimo chetu ni jina linalotajwa, basi Shakahola ingepita mtihani na kaka yangu angeanguka. Kipimo kinachotoa jibu kama hilo ni kibovu, hata kama aliyetupa ni mtu tunayemheshimu.

Ni kipimo gani basi kifae? Mzee alisema mlango umefunguliwa. Napenda kuuchukua mfano wake na kuuliza kuhusu mlango mwingine: maneno haya yakishamwingiza msikilizaji ndani, yanamwachia mlango wa kutokea? Wahubiri wa Kanungu waliweka tarehe. Wakachukua mali, ili anayetaka kurudi asiwe na pa kurudi. Wakawatenga watu na ndugu zao. Maneno yao yalidai utii, na kila aliyeuliza swali alihesabiwa kuwa msaliti. Wimbo wa Duma haukuweka tarehe. Haukumwomba kaka sadaka, haukumwambia amwache mama, haukumtaka amwamini mtu yeyote. Ulipokwisha, alizima simu akaenda kupakua mifuko ya saruji.

Kipimo cha pili ni hiki: maneno ya maangamizi yanamshtaki nani? Wako wanaomshtaki jirani, yule asiyesali nasi, na kumwambia msikilizaji kwamba yeye ni msafi. Hayo ndiyo ya kuogopwa. Wako wanaowashtaki wakubwa, kama ule wimbo wa majenerali. Na wako wanaojishtaki wenyewe.

Kwa hao wa mwisho tunao mfano mkubwa katika fasihi yetu wenyewe, nao ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Sote tumeusoma darasani tukahesabu mizani yake, lakini sidhani kama tumeuogopa inavyostahili. Mshairi anauzungumzia moyo wake mwenyewe. Anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya kifahari, sasa ni makazi ya popo na wadudu. Anauonyesha kaburi, kisha anataja moto wa jahanamu kwa majina yake mbalimbali. Ukiwapa kaka yangu na wenzake maelezo hayo bila kuwaambia ni ya nani, watakuambia huyo ni mwanametali. Lakini hakuna aliyesema kwamba Sayyid Abdalla aliuita moto alipoutaja. Tunasema aliamsha moyo uliolala. Kwa nini tusimpe kijana wa Nairobi nafasi hiyo ya kusikilizwa kabla ya kumhukumu? Sisemi wanalingana kwa ufundi wala kwa imani. Nasema tendo lao ni la aina moja: kumlazimisha msikilizaji kutazama kitu ambacho angependa kukipita.

Najua majibu yatakayotolewa, na mengine ni mazito. La kwanza ni kwamba si wanametali wote waliobaki katika kuimba. Ni kweli. Huko Norwe, mapema katika miaka ya 1990, makanisa ya kale ya mbao yalichomwa moto, likiwamo la Fantoft mjini Bergen mwaka 1992, na baadhi ya wanamuziki wa metali walifungwa kwa uchomaji wa makanisa na kwa mauaji. Siwatetei. Wao pia wanaanguka katika kipimo hiki hiki: waliacha kutazama giza wakaanza kulitii, na wakamtafuta jirani wa kumchoma. Kipimo kizuri ni kile kinachoweza kumwangusha mtu wa upande wako.

Jibu la pili ni kwamba vijana hawatofautishi mfano na amri. Hapo nakubali kwa nusu. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kuachiwa kila kitu, iwe ni metali au mahubiri ya moto wa milele yanayomkosesha usingizi. Lakini kaka alikuwa na miaka 24. Alikuwa amebeba mizigo ya nchi nne kwa mabega yake, Mombasa hadi Kigali. Hatukumlinda. Tulimnyamazisha.

Jibu la tatu ndilo linalonisumbua. Mtu anaweza kusema: hata kama wimbo hauna ubaya, mama alikuwa amefiwa, na muziki ule ulimwumiza, je, haki ya kaka kusikiliza ilikuwa kubwa kuliko machozi ya mama? Sina jibu jepesi. Naamini kaka angeweza kuuzima wakati wa matanga, na kwa kweli alikuwa ameuzima. Hakupiga hata wimbo mmoja tangu baba alazwe. Kilichotupwa chooni hakikuwa kelele. Kilikuwa ni kitu kilichokuwa kimenyamaza mfukoni mwa mtu, naye pia alikuwa amefiwa.

Kuna jambo jingine nililoligundua baadaye. Katika nyimbo nyingi za Duma maneno hayasikiki kabisa. Ni nduru. Wakati mmoja, kabla ya hayo yote, nilimuuliza kaka inamfaidi nini sauti asiyoielewa. Alinijibu kwamba katika foleni ya Malaba kila mtu alikuwa akimwogopa na hakuna aliyemuuliza kama yeye mwenyewe anaogopa. "Huyu," akasema akigusa simu, "anapiga nduru kwa niaba yangu." Nilicheka wakati huo. Lakini kwetu mtu akifa, shangazi zetu huingia bomani wakipiga nduru, na hakuna anayewauliza maana ya maneno yao. Tunajua kwamba nduru haileti kifo. Kifo kimekwisha kufika, na nduru ndiyo inayotuambia tukubali kwamba kimefika.

Wazee wetu hawakuogopa kulikaribia jambo hili. Walioandika kuhusu dini ya zamani ya Wateso wanaeleza kwamba Mungu mkuu aliitwa Akuj, na kwamba Edeke alikuwa ndiye wa majanga na maradhi. Leo Edeke ndilo jina tunalomwitia Mungu kanisani kwa Kiteso. Kila Jumapili mama yangu anasali kwa jina ambalo zamani lilikuwa la anayeleta balaa, na sala yake ni safi. Jina halikumnasa. Kilichohesabika ni moyo aliolibebea na alichoomba kwa jina hilo.

Desemba iliyopita nilimuuliza mama kuhusu mwaka 1987. Alikuwa msichana wa miaka kumi hivi wakati jeshi la Alice Lakwena, lililojiita la Roho Mtakatifu, lilipopita Tororo likielekea Jinja. Tunasoma katika historia kwamba askari wake walipakwa mafuta ili risasi zisiwapate, wakaambiwa kwamba mawe watakayorusha yatalipuka kama mabomu, na kwamba walikwenda vitani wakiimba nyimbo za dini. Walishindwa Busoga mwaka huo huo, na Lakwena akakimbilia Kenya, alikofia kambini Dadaab Januari 2007. Mama aliniambia kwamba wao walikuwa wamejificha katika shamba la mihogo usiku, wakasikia uimbaji kwa mbali. Nilimuuliza ulikuwaje.

"Ulikuwa mzuri," akasema. "Walikuwa wakiimba nyimbo tulizozijua, za kanisani. Mwanangu, uzuri huo ndio ulioniogopesha."

Tulikaa kimya tukichambua karanga. Kisha, bila mimi kumtajia jambo lolote, akauliza kama kaka yako bado anasikiliza ile mizigo yake. Nikasema sijui. Akasema, "Yule alikuwa akiusikiliza peke yake. Hakumwita mtu." Hakusema zaidi, nami sitayavuta maneno yake yaseme kisichokuwamo. Lakini naamini mama, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la tano, alikuwa amekifikia kwa njia yake kipimo ambacho mimi nilihitaji vitabu kukifikia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuimba maangamizi si kuyaita. Maangamizi yanaweza kuimbwa ili yatazamwe, na yanaweza kuimbwa ili watu wayaingie kwa mstari huku macho yao yamefungwa. Tofauti haiko katika ulaini wa sauti, wala katika majina yaliyotajwa. Iko katika kile ambacho msikilizaji anaombwa kutoa: macho yake, au shingo yake. Anayetutaka tutazame, hata kama anatisha, tunaweza kubishana naye na kumwacha. Anayetaka shingo tumwogope, hata kama anaimba kwa sauti tamu na anatuita watoto wake.

Lakini insha hii isingekuwa ya kweli kama ningeishia hapo, kana kwamba kosa lilikuwa la mzee wa kanisa peke yake. Yeye alisema alichokiamini. Mimi ndiye niliyekuwa na elimu ya lugha mahali pale. Niliulizwa maana nikatoa neno, nikaacha maana. Nilijua kwamba "pembe" katika Kiswahili pia ni baragumu, kitu cha kupulizwa ili watu wasikie. Nilijua kwamba namba ile iliandikwa na mtu aliyekuwa akiwaonya wenzake. Nilikuwa nimeyasikia maneno ya kaka kuhusu foleni. Sikuyasema, kwa kuwa niliogopa kwamba nikimtetea nitahesabiwa pamoja naye. Tafsiri yangu haikuwa na kosa hata moja la sarufi, na ilimfukuza ndugu yangu nyumbani.

Sisi tutakuwa walimu na wafasiri. Tutaitwa mahakamani, hospitalini, mpakani, matangani, na tutaulizwa neno hili lina maana gani. Nimejifunza kwamba kutaja neno la upande wa pili ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuwaambia waliouliza neno hilo lilisemwa na nani, akiwa wapi, na alikuwa akitaka nini.

Baada ya mazungumzo yale na mama nilimpigia kaka nikamwomba radhi. Alikuwa kazini, nikasikia lori likinguruma nyuma yake. Alisema memori kadi ile haikuwa ya thamani kubwa na kwamba alikwisha kupata nyingine. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Ungeniuliza kwanza."